Tuandike Kiini Chetu, Hata Kikiwa Kidogo

Wanafunzi wenzangu, chama chetu cha kompyuta kimeletewa mashauri mawili kwa ajili ya muhula ujao. Shauri la kwanza lasema kwamba saa zetu za Jumamosi tuzitumie kujizoeza kupiga chapa, kupanga majedwali na kutengeneza mabango, kwa maana hizo ndizo kazi zinazotakiwa maofisini na madukani. Shauri la pili, ambalo limechekwa na wengi, lasema kwamba tuandike kiini cha mfumo wa uendeshaji: kiini kidogo kabisa, kisichoweza kazi nyingi, lakini tukiandike sisi wenyewe tangu mstari wa kwanza. Mimi ni mmoja wa wanaolitetea shauri la pili, nami naomba nafasi katika kurasa hizi nieleze kwa nini.

Yafaa kwanza tujue tunabishana juu ya nini. Watu wengi hudhani kompyuta inapowashwa huwa tayari inajua kila kitu: inaijua skrini, inalijua jina la faili, inaijua herufi uliyoibonyeza. Sivyo. Prosesa ikipata umeme huanza kusoma amri moja baada ya nyingine, basi. Haijui faili ni nini. Haijui kwamba yuko mtu mbele yake. Mambo hayo yote lazima yaandikwe na mtu, na programu inayoyabeba, ikakaa kati ya mashine na programu nyingine zote, ndiyo tunayoiita kiini.

Fikiri juu ya bweni. Penye vitanda vichache na wanafunzi wengi hapana budi awepo kiranja wa kugawa vitanda, kuamua nani atangulie bombani, na kuhakikisha mtu hafungui sanduku la mwenzake. Kiini nacho kina kazi tatu za namna hiyo. Hugawa kumbukumbu ya mashine, hugawa muda wa prosesa, na huzuia programu moja isiingilie mali ya nyingine. Bweni lisilo na kiranja laweza kupita siku moja kwa amani. Siku ya pili utasikia kelele. Kila simu ya Android inayouzwa Njombe au Makambako ina kiini ndani yake, na kiini hicho huitwa Linux. Twakitumia tangu asubuhi hadi usiku, na wengi wetu hatujapata kulisikia jina lake.

Sasa nije kwa wale wanaocheka. Wao husema kwamba kiini ni kazi ya wazee wenye shahada, si ya watoto wa shule. Nawajibu kwa habari ya Linux yenyewe. Mwaka 1991 Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland, mwenye umri wa miaka 21. Alikuwa na kompyuta yake yenye prosesa ya Intel 386, akataka kujua jinsi prosesa hiyo inavyoweza kuhama kutoka kazi moja hadi nyingine. Akaandika programu ndogo yenye kazi mbili za kupokezana: moja iliandika herufi A, ya pili iliandika herufi B. Yeyote aliyeiona siku hiyo angeweza kuuliza faida yake ni nini. Lakini kutoka hapo aliendelea, na mwezi Septemba mwaka huohuo alitoa Linux ya kwanza, yenye mistari ipatayo 10,000.

Tena Torvalds hakuanza gizani. Alikuwa amesoma kitabu cha Andrew Tanenbaum, mwalimu wa chuo kikuu huko Amsterdam, ambaye mwaka 1987 aliandika mfumo mdogo uitwao Minix ili wanafunzi wapate kuona ndani ya mfumo kamili na kuuelewa. Na Minix yenyewe ilifuata mfano wa Unix, iliyoanzwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie mwaka 1969 katika maabara ya Bell, Marekani. Kila mmoja alijifunza kwa kutazama kiini ambacho mtu mmoja aweza kukisoma akakimaliza. Basi kiini kidogo si mchezo wa kitoto. Ndicho kitabu ambacho wajenzi wa viini vikubwa walisomea.

Wengine hawacheki, bali huuliza swali la maana: ikiwa Linux hutolewa bure, kwa nini tuhangaike kuandika nyingine? Hapa napenda nieleweke vizuri, kwa sababu wako na wenzetu wa upande wangu ambao sikubaliani nao. Hao husema tutaandika mfumo wa Tanzania, tuuuze dunia nzima. Hiyo ni ndoto. Linux ya leo ina makumi ya mamilioni ya mistari, nayo huandikwa na maelfu ya watu wanaolipwa na makampuni makubwa. Sisi hatuandiki kiini ili tukiuze. Twaandika ili siku moja tuweze kukifungua hicho kikubwa bila hofu.

Tanzania inao mfano wa kutufaa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye maneno yote kwa Kiswahili. Jambo hilo liliwezekana kwa kuwa maandishi ya programu hizo yalikuwa wazi kwa kila mtu kuyasoma na kuyabadili. Waliofanya kazi hiyo walistahili sifa. Lakini tuangalie ni sehemu gani iliyogeuzwa: ni uso wa programu, yale maneno yanayoonekana katika skrini. Chini ya uso ule mashine iliendelea kufanya kazi kama ilivyopangwa na watu wa mbali. Mlango wa kuingia chini zaidi uko wazi vilevile, wala hauna bawabu. Kinachotakiwa ni watu wanaojua kuusoma ule ulimwengu wa ndani, na watu hao hawapatikani kwa kujizoeza kupiga chapa peke yake.

Kuna na mfano mwingine wa zamani zaidi, nao unauma kidogo. Kompyuta ya kwanza ya nchi yetu iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, baada ya kazi ya kuweka hesabu za serikali katika kompyuta kwenda vibaya, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Siutaji uamuzi huo kwa kuulaumu. Mwenye kununua mashine ya ghali na kupata matatizo ana haki ya kusema basi. Ila najiuliza: mambo yangekwendaje kama wakati ule tungekuwa na vijana wengi waliofundishwa kuifungua mashine na kuisahihisha? Marufuku ile ilikwisha zamani, na leo kompyuta zimejaa. Watu waliojifunza mambo ya ndani bado ni haba kuliko mashine.

Sisi wa Liganga tungepaswa kulielewa neno hili upesi kuliko wengine. Milima yetu ina chuma, na habari za chuma hicho zimeandikwa miaka mingi. Si chuma kitupu. Ndani ya jiwe lilelile mna titani na vanadi, na kwa sababu hiyo tanuru la kawaida husumbuka nalo. Mtu anayetaka kuliyeyusha jiwe la Liganga hana budi alijue lilivyo. Wazee wa Kipangwa katika nchi hii ya Ludewa waliyeyusha chuma katika tanuru za udongo, kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe. Mhunzi wa namna hiyo jembe likivunjika alijua sababu, maana alilijua tangu lilipokuwa jiwe. Sisi tukinunua jembe dukani na likivunjika, twanunua jingine. Katika mambo ya kompyuta wengi wetu tuko kama wanunuzi wa majembe, nami sioni kwa nini tukubali kubaki hivyo tungali na umri wa kujifunza.

Lakini maneno ya jumla hayatoshi, basi nieleze kazi yenyewe ili kila msomaji apime kama yatushinda. Nimeigawa katika hatua tano.

Hatua ya kwanza ni kuwasha mashine na kuandika neno. Katika kompyuta za aina ya PC za mtindo wa zamani, programu iliyomo ndani ya ubao wa mashine husoma baiti 512 za mwanzo wa diski na kuziendesha. Hizo huita kiini. Kiini nacho chaweza kuandika katika skrini kwa njia nyepesi sana: kuna mahali katika kumbukumbu, kuanzia namba 753,664, ambapo kila baiti mbili ni herufi moja na rangi yake. Skrini ina mistari 25, kila mstari una nafasi 80. Kwa hiyo baiti zote ni 4,000. Ukiweka 76 katika nafasi ya 753,664, na rangi katika ile inayofuata, herufi L hutokea pembeni juu, upande wa kushoto. Hesabu hii yaweza kufanywa katika daftari kabla ya kugusa mashine. Mathalani, ukitaka kuandika katika mstari wa pili, nafasi ya kumi na moja, unaruka nafasi 90, yaani baiti 180, nawe unafika 753,844. Ni kuzidisha na kujumlisha tu. Kompyuta nyingi mpya zimeiacha njia hii, lakini za zamani bado zaijua, na mashine za kuigiza pia.

Hatua ya pili ni kengele. Kengele ya shule hukatiza kila kazi: ukiwa unaandika, unaweka kalamu chini, unakwenda unakoitwa, kisha unarudi pale ulipoachia. Prosesa nayo ina kengele zake. Kiini hutengeneza orodha yenye nafasi 256, na kila nafasi huonyesha amri za kufuatwa kengele fulani ikilia. Saa ya mashine, ikiwa hukuiamuru vingine, hulia mara 18 hivi katika kila sekunde. Orodha hii ndiyo hupokea na makosa ya prosesa. Kosa likitokea, na njia ya kulishughulikia ikakosewa, na njia ya akiba nayo ikakosewa, mashine hujiwasha upya bila kusema neno lolote. Hapana mwalimu mkali kuliko huyo.

Hatua ya tatu ni kibodi, maana kila kitufe kikibonyezwa kengele yake hulia, na kiini husoma namba ya kitufe na kuigeuza herufi. Hatua ya nne ni kugawa kumbukumbu, vipande vipande vya baiti 4,096 kila kimoja, na kuandika ni kipi kimechukuliwa na kipi ki wazi, kama daftari la vitanda vya bweni. Hatua ya tano ni ileile aliyoanza nayo Torvalds: kazi mbili zipokezane, moja ikiandika A na nyingine B. Tukifika hapo tumemaliza. Kazi yote yaweza kuwa mistari mia kadhaa.

Imeulizwa pia tutumie lugha gani. Lugha ya C ndiyo mama wa kazi hii. Unix iliandikwa upya kwa C mwaka 1973, na Linux na Minix ziliandikwa kwa hiyo. Ni lugha fupi, nayo humwamini mwandishi kwa kila neno. Ndiyo hatari yake. Ukikirudisha kipande cha kumbukumbu halafu ukaendelea kukiandika, C haikugombezi. Nawe utaona ajabu mahali pengine, siku nyingine. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilieleza kwamba asilimia 70 hivi ya kasoro za usalama inazorekebisha kila mwaka hutokana na makosa ya kumbukumbu.

Mimi nachagua Rust. Lugha hii ilianzwa na Graydon Hoare mwaka 2006, na toleo lake la kwanza lililo thabiti lilitoka mwezi Mei mwaka 2015. Sheria yake kubwa ni ya umiliki: kila kitu kina mwenyewe mmoja; ukimkabidhi mwingine, wewe huna tena ruhusa ya kukigusa; ukikiazima, muda wa kuazima hujulikana. Kompaila huzikagua sheria hizo kabla programu haijaendeshwa, na ikiona kosa hukataa kazi yako na kukuonyesha mstari wenyewe. Ni kweli kwamba ndani ya kiini kuna mambo ambayo kompaila haiwezi kuyathibitisha, kama vile kuandika katika ile namba 753,664. Mahali hapo mwandishi huweka neno unsafe, yaani si salama, na hivyo huchukua dhamana mwenyewe. Faida yake ni kwamba palipo na hatari pamewekewa alama. Mambo yakiharibika twajua pa kuanzia kutafuta. Tangu toleo la 6.1, lililotoka mwezi Desemba mwaka 2022, hata Linux imefungua mlango kwa Rust. Wanaotaka C wasisikitike. Kuisoma hapana budi, kwa sababu vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa kwa C.

Yamebaki malalamiko mawili. La kwanza ni kwamba mashine zetu ni chache na za zamani, na kwamba kiini chenye kosa kitaziharibu. Iko programu ya bure iitwayo QEMU, nayo huigiza kompyuta nzima ndani ya kompyuta. Kiini chetu kitaendeshwa humo. Kikianguka, ni ile mashine ya kuigiza inayoanguka, na nyingine haina habari. Kompaila ya Rust ni mzigo mzito kuipakua, lakini hupakuliwa mara moja na kunakiliwa kwa flashi. Na uchache wa mashine si kizuizi kikubwa, kwa kuwa kazi hii ina kufikiri kwingi kuliko kubonyeza. Watu watano wenye daftari wakizunguka mashine moja watafika mbali kuliko mtu mmoja aliye na mashine asiyejua anachokitafuta.

La pili ni mtihani na kazi. Husemwa kwamba mtu wa kijijini amepata nafasi moja ya kusoma, naye haifai aipoteze kwa mambo yasiyoulizwa katika karatasi ya Taifa. Neno hili silidharau; limesemwa na watu wanaotutakia mema, na wapo kati yetu ambao ada na nauli zao zimetoka katika magunia ya viazi. Lakini nionavyo, kupiga chapa hujifunzwa kwa majuma machache, nazo programu za ofisi hubadilisha sura zao mara kwa mara. Kumbukumbu, kengele na kupokezana kwa kazi ni misingi iliyokuwapo tangu siku za Unix, na aliyeielewa husoma programu ngeni kwa wepesi. Tena hesabu za namba mbilimbili na za msingi wa 16, ambazo tunazikariri darasani kama sala, katika kazi hii hupata maana.

Kwa hiyo natoa shauri la kati. Saa ya kwanza ya Jumamosi iwe ya kupiga chapa na majedwali, kwa wote. Saa ya pili iwe ya kiini, kwa wanaopenda, wa Kidato cha Kwanza wasikatazwe. Kila hatua tutakayoimaliza iandikwe katika daftari moja la chama kwa Kiswahili, pamoja na makosa tuliyoyaona na jinsi tulivyoyatatua, na daftari hilo lisitoke nje ya maktaba. Sisi wa Kidato cha Nne tutaingia katika mtihani mwezi Novemba kisha tutaondoka, na sina hakika kwamba kabla ya siku hiyo tutaipita hatua ya tatu. Kazi ya kumbukumbu na ya kupokezana itabaki kwa walio nyuma yetu. Ndiyo sababu nalisihi daftari kuliko mashine. Torvalds alipata kitabu cha Tanenbaum, na mdogo wetu atakayeingia mwakani apate chetu, hata kama kina kurasa arobaini tu na mwandiko mbaya.

Kura zitapigwa katika mkutano wa kwanza wa muhula ujao. Atakayelipinga shauri hili alipinge kwa hoja, nasi tutamjibu kwa hoja. Naomba tu kwamba kabla ya kuinua mkono achukue kalamu na karatasi, atafute mwenyewe ni namba gani ya kumbukumbu inayoshika herufi ya mwisho kabisa ya skrini, katika mstari wa 25, nafasi ya 80. Akiipata, ajue kwamba amekwisha kuianza hatua ya kwanza.